Ameapa Mbele Yangu

Wajukuu zangu wawili wamekuwa mawakili, na wote wawili hunicheka kwa jambo moja. Nikisalimiana na mtu siuachi mkono wake haraka. Naugeuza kidogo, natazama kidole gumba, ndipo nauachilia. "Guka siku hizi anasoma viganja," wanasema, maana kwetu babu huitwa guka. Wacheke tu. Nyinyi vijana mnaojiandaa kuvaa joho jeusi, na hasa nyinyi ambao mmeshaanza kuliona joho hilo kama ngazi ya kupandia siasa, nipeni sikio niwaeleze tabia hiyo niliitoa wapi. Si habari ya kujisifu. Ningekuwa na ya kujisifu ningeanza na hiyo.

Kazi nilifundishwa na Bwana Vasani, ofisi yake ikiwa ghorofa ya tatu nyuma ya Government Road, miaka ile ya kwanza ya Uhuru. Chini palikuwa na duka la vitambaa, na ngazi zilinukia ubani kutwa. Vasani alikuwa mfupi, mkali, suruali ameivuta hadi karibu na kifua. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimezama katika hati ya kiapo ya mzee mmoja wa Uthiru, naitafuta makosa, na mzee mwenyewe amesimama mbele yangu kofia mkononi.

"Wewe nasoma sana," akaniambia kwa Kiswahili chake cha dukani. "Karatasi iko tu, haikimbii. Kwanza shika mkono."

Kwa asiyejua, hati ya kiapo ni karatasi ambayo mtu anaeleza jambo na kuapa kwamba ni kweli. Asiyejua kuandika anaweka alama ya kidole gumba. Chini yake wakili aliyeruhusiwa kuapisha watu anaandika kwamba mtu huyo ameapa mbele yake, anatia sahihi na kugonga muhuri. Ni maneno matatu tu, ameapa mbele yangu, na karatasi yote inayategemea. Hakimu hamjui mzee wa Uthiru. Anakujua wewe, na wewe umesema ulimwona.

Vasani alinifundisha ufundi ambao sidhani kama mnafundishwa siku hizi. Chukua gumba la kushoto, maana la kulia limechakaa kwa mpini wa jembe. Aliyetoka shambani mpe maji ya moto na sabuni, umwache akauke vizuri. Usimkandamize kama anayeua chawa. Kizungushe kidole mara moja, kutoka upande mmoja wa ukucha hadi wa pili. Na wakati umeushika mkono huo, usiseme neno. Mkono wa mtu aliyelazimishwa hutoa jasho hata katika baridi ya Julai. Mara mbili nilimwona akiwarudisha watu nyumbani kwa sababu ya jasho tu.

Nilikosea mengi pale, na mengine yalichekesha. Asubuhi moja Biblia ya ofisi haikuonekana, nami kwa haraka nikamwapisha bwana mmoja kwa kitabu cha sheria za barabarani, kwa kuwa nacho kilikuwa cheusi na kinene. Aliapa kwa macho yaliyofumbwa, akakibusu. Nilipoungama, Vasani alivua miwani akaifuta muda mrefu. "Mwite tena," akasema. "Yeye naapa vizuri, lakini kwa habari ya taa nyekundu." Bwana yule alirudi akaapa upya, na njia nzima ya ngazini alitaka kujua kosa lake lilikuwa nini.

Baadaye nilifungua ofisi yangu mwenyewe, na haukupita muda nikawa diwani wa upande wetu wa Waithaka na Mutuini. Siasa ya mtaa nayo ina ufundi wake. Usiahidi maji; ahidi kuyafuatilia. Ukienda kwenye msiba kula ulichopewa, hata kama ni msiba wa tano siku hiyo. Na usikae kiti cha mbele kabla hujamsalimia aliyeketi nyuma kabisa. Nilikuwa hodari wa mambo hayo, nakiri, na nilijipenda sana.

Kazi yangu kubwa ilikuwa jumba la mikutano. Watu walikuwa wakikutana juani na mvuani, nami nikawajengea jumba la mawe lenye sakafu ya simiti na jukwaa la mbao. Kiwanja alikitoa rafiki yangu Gacheru, mwenye shamba kandokando ya barabara, ambaye pikapu yake ndiyo iliyonizungusha wakati wa kampeni. Siku ya kuchimba msingi niliwakuta vibarua wanang'oa safu ya itoka katikati ya kiwanja. Kwetu mpaka wa shamba huonyeshwa kwa itoka, mmea wenye majani marefu mapana na kichwa kilichojificha ardhini, kikubwa kuliko kitunguu. Haung'olewi ila wazee wakiwapo.

"Huo ni mpaka wa nini?" nikamuuliza Gacheru.

"Wa zamani tu, mheshimiwa. Kabla mashamba hayajaunganishwa."

Mimi ni mtoto wa Waithaka. Nilijua nilichokiona. Nikatazama saa, nikaondoka.

Mvua ndefu ya kwanza ilipokuja, itoka moja lilichipua nje, mlangoni kabisa. Mtunzaji wa jumba, Wafula, mtu wa Magharibi aliyekuwa ameshiriki kulijenga, akalikata. Mvua fupi, likatokea la pili, hili ndani, kwenye ufa wa simiti. Akaziba ufa. Msimu uliofuata, la tatu, na hivyo hivyo hadi la saba. Wafula alikuwa mtu mcheshi, lakini siku hiyo alinipokea bila mzaha.

"Mheshimiwa, hii maua inakuja."

"Inakuja wapi?"

"Ilianza kwa mlango. Kila mvua, moja. Angalia mwenyewe vile imefika."

Nikaangalia. Yalikuwa katika mstari ulionyooka, hatua moja na nusu kati ya moja na jingine, yakielekea jukwaani. Nilimwambia amwage chumvi na maji ya moto. Akamwaga. Mvua iliyofuata, jani lilipenya kati ya mbao za jukwaa, mahali hasa niliposimama kuhutubia. Lilikuwa jeupe, kwa kuwa lilikulia gizani, na lilikuwa limesimama wima. Nilihutubia saa nzima siku hiyo nikiwa nimelikanyaga, na nilihisi baridi yake kupitia soli ya kiatu. Msiniulize jinsi jani linavyoweza kuwa na baridi ya namna hiyo. Nawaambia nilichohisi.

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi kulitambua. Watu walikuwa wakiingia jumbani na kuketi upande mmoja tu wa mstari ule. Hakuna aliyewaelekeza. Wazee waliingia, wakatazama chini, wakakata kulia. Vijana wakawafuata wazee. Upande wa kulia watu walibanana hadi madirishani, na wa kushoto ukabaki viti vitupu, safu baada ya safu. Nikiwaita wasogee walitabasamu kwa adabu na kukaa walipokaa.

Kisha kwenye mkutano mmoja, katikati ya ule utupu, nikaona mama mzee ameketi peke yake. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani, na mkono wa kushoto ameuzungushia leso. Hakupiga makofi wala kuuliza swali. Alinitazama tu tangu mwanzo hadi mwisho, jinsi unavyomtazama mtu unayejaribu kumkumbuka. Mkutano uliofuata alikuwapo. Na uliofuata.

"Yule mama ni nani?" nikamuuliza Wafula.

Wafula alielekeza macho pale pale alipokaa mama. "Upande hiyo sioni mtu, mheshimiwa."

Nikamuuliza chifu mdogo. Hakumwona. Nikamuuliza mzee wa kanisa, mtu asiyeweza kusema uongo hata kumsifia mpishi. Naye akachungulia, akakohoa, akasema viti ni vitupu. Vijana wangu, niliogopa. Nilianza kutuma watu wahutubie kwa niaba yangu nikisingizia homa. Mke wangu aliona jinsi nilivyokuwa nikishtuka mlango ukigongwa, akanishauri nipumzike. Nilikuwa na shahada ya sheria, na nilikuwa nikimkimbia bibi kizee ambaye huenda hakuwapo.

Hapa ndipo inanibidi nirudi nyuma, kwenye siku moja kabla ya jumba, wakati wa kampeni yangu ya kwanza. Gacheru alipanda ngazi za ofisi yangu akiwa na hati ya kiapo iliyokwisha kupigwa chapa. Ndani yake shangazi yake, au tata kama alivyomwita, mjane aitwaye Wanjeri, alieleza kwamba kipande chake cha shamba pale Mutuini, kinachopakana na cha Gacheru, amekiachia Gacheru kwa hiari yake, na kwamba amesomewa maneno hayo kwa lugha anayoielewa. Chini palikuwa na alama ya kidole gumba cha kushoto, safi, imezungushwa vizuri.

"Tata ni mgonjwa," akasema Gacheru. "Hizi ngazi zako zitamuua. Si unanijua?"

Nilimjua. Pikapu ilikuwa inanguruma chini na watu walikuwa wananingoja Uthiru. Nikaandika maneno matatu, nikatia sahihi, nikagonga muhuri. Haikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Nilipokuwa nikishuka ngazi nilikumbuka uso wa Vasani, nikajiambia kwamba Wahindi wa zamani wana mambo mengi.

Miaka ikapita, jumba likajengwa, maua yakaja. Halafu nikateuliwa kuingia kamati ya maendeleo ya mkoa, hatua ambayo wengi walisema ingenifikisha bungeni. Sherehe ilipangwa kufanyika jumbani mwangu, alasiri, na wakubwa wa mkoa wangehudhuria. Nilifika mapema kupanga viti. Wafula alikuwa nje anafagia. Ndani nilimkuta yule mama, na safari hii hakuwa ameketi. Alitembea hadi kwenye meza yangu, akatoa karatasi kifuani, akaikunjua mbele yangu. Ilikuwa nakala ya ile hati, iliyogongwa muhuri wa ofisi ya ardhi.

"Nimekuja kumwona mtu aliyeniona," akasema kwa Kikuyu, taratibu.

Nilijua hapo hapo. "Wewe ni Cucu Wanjeri," nikasema, nikimwita nyanya kwa Kikuyu.

"Mimi ndiye. Mjukuu wangu amenisomea. Hapa umeandika nilisimama mbele yako. Miaka hii yote nakuja hapa nakutazama, nasema labda nitakumbuka. Nilisimama wapi? Nionyeshe."

Kisha akaifungua leso. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Pale pa gumba palikuwa na ngozi laini, kovu la zamani sana. "Nilikuwa msichana, nikikata majani ya ng'ombe," akasema. "Mkono huu ulishika majani, huu ulishika panga. Sasa niambie, ulikiona wapi kidole changu? Maana mimi sijakiona tangu siku hiyo."

Nilitazama ile alama kwenye karatasi. Mistari yake ilikuwa wazi, kila mmoja, na kwa mara ya kwanza nilijiuliza ni mkono wa nani ulioingia ofisini mwangu.

Cucu Wanjeri hakupaza sauti. Alisema hataki kulima tena, nguvu zimekwisha. Anataka azikwe hapo. Chini ya jukwaa langu alikuwa amelala binti yake mdogo, aliyekufa kwa surua, na yeye mwenyewe ndiye aliyepanda itoka la mwisho la mpaka kwenye kichwa cha kaburi ili asilipoteze. Gacheru alikuwa amemwambia kwamba akifa atapelekwa makaburi ya serikali. "Niapishe leo," akasema. "Andika kwamba sikuapa. Niapishe mbele yako kweli."

Jumba lilikuwa tupu, karatasi zilikuwapo, kalamu ilikuwa mfukoni. Nje magari ya wakubwa yalikuwa yanaanza kuingia. Hati hiyo mpya ingesema kwamba mimi, wakili na diwani, niligonga muhuri juu ya uongo.

"Njoo ofisini Alhamisi, cucu," nikasema. "Tutafanya kwa utaratibu."

Mnaosomea sheria mtalitambua neno hilo. Tunaliita kuahirisha.

"Sawa," akasema, akafunga mkono wake. Alipita mlangoni kando ya Wafula, na Wafula akasogeza fagio kando asijikwae. Nilimkabili Wafula baada ya sherehe. "Kumbe unamwona?"

"Namwona kila siku, mheshimiwa." Alitazama chini. "Sisi wote tunamwona. Gacheru alisema ukijua ako hapa, jumba itafungwa na watu wataumia. Na wewe ulisema ulimwona zamani, ukapiga muhuri. Sasa sisi ni nani tuanze kuona?"

Sijawahi kusikia jambo lililonitia hofu kuliko hilo. Kumbe halikuwa pepo. Nilikuwa nimeandika kwamba nimemwona mtu ambaye sikumwona, na mtaa mzima ukajifunza kutomwona mtu aliyeketi mbele yao.

Alhamisi alikuja. Nilimsikia tangu ghorofa ya kwanza, ngazi baada ya ngazi, akipumzika kila kona. Nilikuwa na muda wa kutosha kutengeneza roho yangu. Badala yake nilimwambia katibu wangu aseme sipo, nikaingia chumba cha ndani, nikasimama nyuma ya mlango kama mwizi. Niliona kivuli cha miguu yake kwenye nafasi iliyo chini ya mlango.

"Hayupo, cucu," katibu akasema. "Ameenda mkoani."

Kivuli hakikusogea. Kisha nikasikia sauti yake, tulivu, imeelekezwa kwa mbao zilizokuwa mbele ya uso wangu.

"Mwambie nimemwona," akasema.

Akashuka. Niliendelea kusimama pale nimeshika kitasa, na kitasa kililowa kwa jasho la mkono wangu. Sikulala vizuri siku nne. Kila nilipofumba macho nilisikia sentensi ile. Alikuwa amesema amemwona mtu aliyejificha nyuma ya mbao, na yeye alikuwa amesema kweli.

Jumatatu nilikwenda kwa Bwana Vasani, ambaye alikuwa amestaafu akikaa na mwanawe Parklands. Nilikuwa nimepiga chapa hati yangu mwenyewe. Ilisema kwamba Wanjeri hakusimama mbele yangu, kwamba sikumwapisha, kwamba sikuuona mkono wake. Vasani bado alikuwa na ruhusa ya kuapisha. Nilimpa karatasi, akaiweka kando bila kuisoma.

"Kwanza mkono," akasema.

Aliushika muda mrefu. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi, wangu umelowa jasho. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na nililia mbele yake. Hakunifariji. Alingoja nimalize, akanipa leso, akaniapisha, akaandika maneno matatu kwa herufi zake ndogo zilizosimama.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja Mutuini na karatasi ya pili, ya Cucu Wanjeri. Zile ngazi zilikuwa zimemwangusha kitandani. Nilimsomea kila neno kwa Kikuyu, nikaosha mkono wake wa kulia kwa maji ya moto na sabuni, nikaukausha, nikakizungusha kidole mara moja. Kilikuwa kimechakaa kwa jembe na alama ilitoka hafifu. Mkono haukuwa na jasho. Alitazama alama yake kwenye karatasi, akanitazama mimi.

"Haya," akasema. "Sasa umeniona."

Alikufa kabla kesi haijasikizwa, lakini hati zilikuwa zimeshafika mahakamani, na hakimu akaamuru azikwe shambani kwake. Gacheru alipoteza kile kipande. Hakuwahi kusema alama ile ya kwanza ilikuwa ya nani. Polisi walichukua alama za vidole vyake na za mkewe, na hazikulingana na ile. Hadi leo kuna mtu aliyeapa mbele yangu ambaye simjui. Mimi nilinyang'anywa joho kwa miaka kadhaa, nikajiuzulu udiwani, na ile kamati ya mkoa sikuhudhuria kikao hata kimoja. Wapo walioniambia nilikuwa mjinga. Nilipojenga duka la mbolea Uthiru walikuja kununua, na walinihurumia hadi nikachoka.

Siku ya mazishi Wafula alivunja jukwaa kwa mikono yake. Chini ya mbao itoka lilikuwa limejaa, jeupe lote, limejikunja kutafuta mwanga, na kaburi jipya likachimbwa kando yake. Watu walikuja wengi kuliko walivyowahi kuja kunisikiliza. Walifika kwenye mstari, wazee mbele, na safari hii hawakukata kulia. Walivuka mmoja mmoja, wakajaza ule upande uliokuwa mtupu, wakamzunguka.

Nami nilifika kwenye mstari nikasimama. Upande wa kulia tulikuwa mimi na viti tu. Wafula aliinua uso akatazama nilipokuwa, kisha akatazama pembeni, nami nikamsubiri aniite. Hakuna aliyeniita. Jumba lile sasa linaishia kwa ukuta kabla ya kufika mpakani, na nje ya ukuta itoka limepandwa upya kwa utaratibu, wazee wakiwapo. Mimi huenda huko kila mvua ndefu ikianza, nasimama upande wangu, na sijavuka bado.